Kindu: Kabla ya kufunga goti kitambaa, makocha wapime miguu yote miwili

Tangu AS Maniema Union ifike kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika, msimu wa 2024-2025, na kukutana na Raja ya Casablanca, FAR ya Rabat na Mamelodi Sundowns, kila kijana wa Kindu anayegusa mpira anajua kwamba njia ipo. Kasuku, Mikelenge, mpaka Alunguli ng'ambo ya mto, vijana wanakimbilia njia hiyo. Kinachosikitisha ni wale wanaobaki pembeni ya uwanja, goti limefungwa kitambaa, na umri wao ni miaka 15 au 16.

Watu husema ni uwanja mbaya. Wengine husema ni dawa za ekipi pinzani, na hilo liachwe hapo. Uwanja una lawama yake, ndiyo. Lakini kuna sababu isiyosemwa: nguvu za miguu hazilingani. Anayepiga kwa mguu wa kulia tangu utoto husimama kwa wa kushoto, na kila mguu huzoea kazi yake. Tena misuli ya mbele ya paja, ile ya kupiga shuti, hupita kwa nguvu ile ya nyuma, ambayo ndiyo breki anapokimbia kasi. Breki ikiwa dhaifu, msuli wa nyuma huchanika, au goti hubeba mzigo usio wake. Katika umri wa kurefuka upesi ni mbaya zaidi, maana mifupa hutangulia na misuli hufuata.

Vilabu vya Ulaya hupima mambo haya kwa mashine za bei kali. Kindu inaweza kuanza na kamba. Kijana aruke mara tatu mfululizo kwa mguu mmoja, umbali upimwe, kisha arudie kwa mguu mwingine. Mmoja ukifika mita 5 na mwingine usifike mita 4 na nusu, huyo aangaliwe kabla ya mechi.

Mazoezi ya kumsaidia yapo tayari. FIFA iliandaa programu ya dakika 20 ya kupasha mwili moto, iitwayo 11+. Ndani yake kuna zoezi moja la thamani: mchezaji anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo vya miguu, naye anajishusha mbele polepole akijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja. Huko Lagos, Nigeria, programu hiyo ilijaribiwa kwenye ekipi 20 za ligi ya vijana. Matokeo yalitoka mwaka 2014: walioifuata waliumia kwa asilimia 41 pungufu kuliko wenzao. Lagos si Ulaya.

Kocha anayezungusha vijana uwanja mara mbili kisha kuwapanga wapige mashuti atasema muda hautoshi. Muda wa kumngoja majeruhi miezi sita unatoka wapi? Mwenye hoja nzito ni yule anayesema watoto huja mazoezini na njaa. Kweli, misuli haijengwi kwa tumbo tupu, na hapo wenye vilabu na wazazi wana kazi yao.

Kosa kubwa kuliko yote ni lile la Jumapili. Kijana ameumia Jumatano, amekandwa maji ya moto, na siku ya mechi anarudishwa uwanjani kwa sababu ekipi inamhitaji. Aliyeumia msuli wa paja mara moja ndiye wa kwanza kuumia tena. Wasimamizi wa ligi ya jimbo wanaweza kudai daftari la vipimo kwa kila ekipi ya vijana kabla ya msimu kuanza, na jeraha likitokea, kijana aruke tena kwa kamba ile ile kabla ya kuvaa jezi. Waanze na ekipi za wasichana, ambao kano ya ndani ya goti huwakatika mara nyingi kuliko wavulana.