TAARIFA YA KATIBU WA TAWI: KULIMA CHINI YA TAA KATIKA NCHI YA JUA

*Kwa wanachama wote wa tawi. Tafadhali soma hadi mwisho kabla ya kujibu.*



Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita simu yangu haijapumzika, na sababu mnaijua. Kijana mmoja wa Ligi yetu ya Vijana alikamatwa katika chumba chake cha kupanga. Polisi walitoka na hema dogo, taa ya LED, feni na miche minne ya bangi. Kesi iko mahakamani, kwa hivyo sitagusa ushahidi wala sitamtaja jina, na naomba nanyi msimtaje humu. Ninachojibu ni maneno ya wanachama yaliyofuata. Yamekuwa ya aina tatu, na yote matatu yamepotoka.

Wa kwanza wanataka kijana afukuzwe chamani leo kabla jua halijatua. Wa pili wanataka tawi linyamaze hadi uteuzi wa wagombea upite. Wa tatu wamenishangaza zaidi. Siku mbili tu baada ya mwenzao kukamatwa, wameingiza tangazo kwenye kundi la vijana: "Mradi wa hema, mtaji shilingi 65,000, pesa inarudi mara tatu kwa miezi minne."

Msimamo wangu nausema mapema ili asiyekubali ajue anabishana na nini. Hema lile ni hasara kwa anayelinunua, na sheria yetu wenyewe ndiyo iliyolizaa. Anayewauzia vijana hema na anayetaka wafungwe miaka 20 kwa sababu yake wanamwangusha kijana yule yule.

*1. HEMA NI LA NINI?*

Kwa wazee ambao hawajaliona: ni kama kabati la nguo la turubai, upana wa mita moja au chini ya hapo. Ndani lina kitambaa kinachong'aa kama fedha ili mwanga uirudie mimea. Juu huning'inizwa taa, na feni hutoa hewa kupitia kichujio cha mkaa ili harufu isimfikie jirani. Zamani kazi hiyo ilifanywa na taa kubwa za sodiamu zenye joto la jiko, na Uingereza polisi walizisaka kwa kamera za joto kutoka angani. LED imepunguza joto na umeme. Ndiyo maana leo mtambo mzima unaingia chumba cha kupanga, pembeni ya kitanda.

Mtu wa Uingereza au Uholanzi ana sababu mbili za kulima ndani: baridi na polisi. Sisi Pwani baridi hatuna. Tuko karibu na ikweta, na jua linatupa mwanga wa takriban saa 12 kila siku, Januari hadi Disemba, bila tokeni. Bangi yenyewe imemea nchi hii kwenye udongo wa kawaida miaka na miaka. Jina lake lilivuka bahari kutoka Bara Hindi kabla Mombasa haijawa na nguzo hata moja ya stima.

Basi kwetu hema lina kazi moja tu: kuficha. Mtu analipa umeme ili apate mwanga ambao uko bure nje ya dirisha, kwa sababu nje kuna macho. Hakuna mkulima mwenye akili timamu angefanya hivyo kama sheria haikumsukuma.

*2. HESABU HAIFUNGI*

Mimi ni mtu wa vitabu vya hesabu. Mtu akinionyesha mapato bila kunionyesha matumizi, namjua anachouza. Tuchukue taa ya wati 240. Wenye mahema huiwasha saa 18 kwa siku wakati mmea unakua, kisha saa 12 wakati unatoa maua. Wiki 4 za kwanza ni yuniti 121. Wiki 9 zinazofuata ni yuniti 181. Feni ndogo ya wati 30 haizimwi usiku wala mchana, nayo ni yuniti 66. Jumla ni yuniti 368 kwa miezi mitatu. Ukiweka shilingi 30 kwa yuniti pamoja na kodi na ada zake, ni shilingi 11,040 za stima peke yake.

Na si hapo tu. Bei ya stima ya nyumbani inapangwa kwa madaraja: chini ya yuniti 30 kwa mwezi, kati ya 30 na 100, na juu ya 100. Yuniti 368 kwa miezi mitatu ni zaidi ya 120 kwa mwezi. Kijana aliyekuwa daraja la chini kabisa anarushwa hadi la juu, na sasa balbu yake, simu yake na tivii yake zote zinalipiwa bei kubwa. Kama ploti ina mita ya pamoja, majirani ndio watakaouliza kwanza nani anakula stima.

Ongeza stima inayopotea bila taarifa, na mmea ule unahesabu saa za giza na mwanga. Ongeza unyevu wa Pwani, ambao ndani ya hema lililofungwa huleta ukungu unaooza maua. Ongeza uchakavu wa taa na feni, kodi ya chumba, na waya za ploti zilizofungwa na fundi wa bei rahisi. Hakuna hata kimoja cha hivyo kwenye tangazo.

Wenye pesa nao umeme unawauma. Mwaka 2012 mtafiti Evan Mills alikadiria kwamba kilimo cha bangi cha ndani kilikuwa kinakula karibu asilimia 1 ya umeme wote wa Marekani. Hicho ndicho kilimo tunachoambiwa tukinakili kwenye chumba cha kupanga.

Sasa tuandike gharama ambayo mhasibu yeyote mwaminifu huiandika hata kama haijatokea bado: sheria. Kwa Sheria ya Dawa za Kulevya ya mwaka 1994, kifungu cha 6, anayelima bangi anakabiliwa na faini ya shilingi 250,000 au mara tatu ya thamani ya mimea sokoni, ipi iliyo kubwa, au kifungo kisichozidi miaka 20, au vyote viwili. Na kifungu hicho kinamgusa pia mwenye nyumba aliyeruhusu. Mama mjane aliyejenga vyumba sita vya kupangisha awe macho.

Mtaji ni 65,000, faini ni 250,000 kwenda juu, na rehani ni miaka 20 ya mwanao. Mwenye tangazo hatakuwa kizimbani siku hiyo. Yeye alishauza hema.

*3. KWA WANAOTAKA AFUKUZWE, NA WANAOTAKA TUNYAMAZE*

Ndugu zangu, naielewa hasira ya wazazi. Pwani imezika watoto wengi kwa sababu ya unga, na wapo humu waliowauguza. Lakini tusichanganye vitu. Heroini ni heroini. Bangi ina madhara yake na nitayataja, ila kijana mwenye miche minne hakuileta heroini bandarini, na kumfukuza hakutamrudisha hata mmoja wa wale tuliowazika.

Tena tujiulize kuhusu usawa. Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipiga marufuku muguka. Tuliona kilichofuata. Viongozi wa Embu walisimama, mahakama ikasitisha marufuku, na Rais akasema muguka ni zao linalotambuliwa na sheria. Sisemi wakulima wa Embu walikosea kujitetea. Nasema walikuwa na wabunge, mawakili na sauti. Zao lao likajadiliwa mezani. Kijana wa chumba kimoja hana meza. Anayo karandinga. Kama chama cha wanyonge kitamkimbia siku hiyo, kwa nini tunamuuzia kadi?

Na nyinyi mnaosema tusubiri uteuzi upite: kesi haitasubiri. Rumande haitasubiri. Mgombea anayeogopa kusema neno juu ya sheria mbaya kabla ya kura hatalisema baada ya kura. Afadhali tumjue mapema.

*4. KWA WANAOAHIDI UTAJIRI*

Mwaka 2022 mgombea urais, Profesa George Wajackoyah, aliwaambia Wakenya kwamba bangi ya kuuza nje italipa deni la taifa. Watu walicheka, wengine wakacheza, naye akapata kura 61,969. Wimbo ule haukufa, umebadilisha tu waimbaji. Leo naambiwa eti tusiguse sheria ya mtu mdogo, tusubiri "leseni za uwekezaji" zije na neema.

Tuangalie walikopita wenzetu. Lesotho ilianza kutoa leseni za bangi ya dawa mwaka 2017. Zimbabwe ilipofungua mlango mwaka 2018, ada ya leseni ya kulima iliwekwa dola 50,000. Nani katika tawi hili ana dola 50,000? Leseni ya namna hiyo inampa tajiri greenhouse na walinzi mlangoni, na mmea ule ule unampa maskini pingu. Kosa linakuwa kukosa pesa.

Ipo njia nyingine, na si ya Ulaya pekee. Tarehe 18 Septemba 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba mtu mzima anaweza kulima na kutumia bangi yake mwenyewe faraghani, na mwezi Mei 2024 Rais Ramaphosa akatia saini sheria ya jambo hilo. Kuuza bado ni marufuku. Uruguay tangu 2013 inaruhusu miche sita nyumbani, na Ujerumani tangu tarehe 1 Aprili 2024 inaruhusu mitatu kwa mtu mzima, mradi watoto wasiifikie. Nchi hizo hazijaahidi utajiri kwa mtu. Zimeamua tu kwamba miche michache ya mtu mzima haistahili kummaliza maisha.

Na hapa ndipo hoja yangu inapokamilika. Siku miche miwili au mitatu haitakuwa kifungo, hema litakosa mteja Pwani. Hakuna atakayelipa yuniti 368 kuficha kitu kisichohitaji kufichwa, na muuza mahema atafute kazi nyingine.

*5. TUSIDANGANYANE*

Kusema sheria ni mbovu si kusema mmea ni salama. Bangi inaharibu kumbukumbu na masomo ya kijana ambaye ubongo wake bado unakua, na kwa wengine inaamsha maradhi ya akili. Moshi ni moshi, unaumiza mapafu. Mtoto hafai kuikaribia kwa hali yoyote. Mzazi anayeona mwanawe amebadilika ampeleke kwa daktari mapema. Kuna nafasi kubwa ya kumsaidia akiwa nyumbani kuliko akiwa gerezani.

*6. NINAYOPENDEKEZA KWA MKUTANO WA TAWI*

(a) Hakuna kufukuzwa kwa mwanachama kabla ya hukumu. Familia isaidiwe kufuatilia wakili kupitia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Mchango wowote upitie kwa Mweka Hazina, upewe risiti, na nitausoma mbele yenu shilingi kwa shilingi.

(b) Wajumbe wetu wapeleke hoja kaunti: kifungu cha 6 kirekebishwe ili miche michache ya mtu mzima kwa matumizi yake isiwe kosa la kifungo. Kuuza na kumhusisha mtoto vibaki makosa.

(c) Chama kipinge mpango wowote wa leseni ambao ada yake mkulima mdogo au ushirika wake hauwezi kuifikia.

(d) Kuanzia leo, yeyote atakayetangaza hema, taa au mbegu za bangi katika makundi ya tawi ataondolewa. Sheria ni mbovu lakini ipo, na tawi halitakuwa dalali wa kuwapeleka vijana jela.

Vijana, (d) inawahusu hasa. Kama lipo hema tayari, hesabu mmeiona hapo juu. Msiongeze tokeni nyingine ndani yake. Pigeni kura, jazeni ukumbi, tubadilishe sheria mchana kweupe.

Mkutano ni Jumapili saa tisa alasiri, mahali pa kawaida. Anayepinga aje na hoja zake, na aje na tarakimu. Kiti kipo.

Wenu katika chama,
*Katibu wa Tawi*