Nyenje Asiyelia



Mama zetu na wasomaji wetu wapenzi, majuzi tulikuwa wageni huko Asumbi, kaunti ya Homa Bay, katika nyumba ya mume na mke waliotoka Pwani kwa ajili ya kazi. Baada ya swala ya Isha tuliketi barazani, na nyenje wakilia majanini. Mama wa nyumba akatuambia: "Sheikh wetu, tuombee dua kwa binti yetu. Ana miaka saba, na tangu tuhamie huku hasemi ila neno moja moja. Kaka yake mchangamfu, huyu nadhani ana upungufu." Na mtoto mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, akisikia yote.

Tulimwita binti, tukamweleza kuwa anayelia kule nje ni dume la nyenje. Hulisugua bawa kwa bawa ili jike amsikie, na masikio yao yamo katika miguu ya mbele. Binti akatabasamu.

Kisha tukamsimulia habari za jamaa zao wa misituni na mapangoni, wale ambao wataalamu huwaita Phaeophilacris, nao wamo katika bara letu la Afrika. Mchana hujificha, usiku hutoka. Mabawa yao hayatoi mlio, wala miguuni hawana masikio. Je, ni mabubu? Mwaka 1979 wataalamu wawili wa Kijerumani, Kämper na Dambach, walieleza kuwa nyenje wa namna hii hupepesa mabawa, na mwenzake huupokea upepo ule kwa vinyweleo vyembamba vya mikia miwili iliyo nyuma ya mwili. Mitetemo hiyo haifiki 20 kwa sekunde, na sikio la mwanadamu haliipati. Basi mtu akiketi pangoni na kudai kwamba viumbe hawa hawasemezani, upungufu ni wa sikio lake.

Nasi tumefunzwa katika Surat Al-Israa, aya ya 44, kwamba kila kitu humsabihi Mola wake, ila sisi hatuifahamu tasbihi yao.

Tukamgeukia mama: "Ni nani aliyekutandikia mswala leo alfajiri?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Ni yeye. Kila siku ni yeye." Akamvuta binti ubavuni pake.

Wazazi wenzetu, mtoto akinyamaza kwa muda mrefu, apelekwe kwa daktari, na mwalimu wake aulizwe. Kutafuta tiba ni katika Sunna. Lakini tusimtaje kwa kasoro naye yu mlangoni anasikia, wala tusimpime kwa ulimi wa nduguye. Tutazame mikono yake inafanya nini, na tumjibu kwa hilo.

Wabillahi taufiq.