TAA YA INJINI ISOMWE KWANZA, SPEA BAADAYE



Mkutano mkuu wa Jumamosi utazungumzia pikapu yetu. Maneno tumeyasikia, kisimani na kilabuni: wengine wanataka iuzwe, wengine wanasema dereva ni mvivu. Sisi wa gazeti hili la ukutani tuna letu la kusema, na tunalisema mapema ili kila mtu aje mkutanoni akijua mambo yalivyokwenda.

Mnakumbuka wote. Baridi ilipoanza, gari likaanza kugoma asubuhi. Stata inazunguka weee, injini haishiki. Nyanya zikawa zinafika sokoni jua limepanda na bei imeanguka. Muda wote huo kwenye dashibodi ilikuwa inawaka taa ya njano yenye picha ya injini. Tulifanya nini? Tuliibandika plasta! Eti inamuumiza dereva macho usiku. Kosa lilianzia hapo, na ni kosa letu, sisi wa kamati pamoja na ninyi mliokuwa mnapanda mbele na kuiona.

Fundi wa kwanza akasema plagi. Tukanunua plagi. Wa pili akasema pampu ya mafuta. Tukauza mahindi ya ghala, tukanunua pampu. Wa tatu akachomoa taminali ya betri, akairudisha, taa ikazimika, akapewa chake. Haikupita siku mbili taa ikarudi. Jamani, kuzima taa si kutengeneza gari. Ni kama kumziba mtoto mdomo asilie, halafu useme homa imepona.

Mwisho tukamgeukia dereva. Eti anachelewa makusudi, eti usiku gari linakodishwa. Akasimamishwa wiki mbili bila malipo.

Fundi wa nne hakutuambia tununue kitu. Alifungua boneti, akatafuta kijisanduku kilichoandikwa DIAGNOSIS, akaunganisha matundu mawili, TE1 na E1, kwa kipande cha waya. Akafungua swichi bila kuwasha injini. Taa ikaanza kukonyeza: mara mbili, ikatulia, mara mbili tena. Maana yake 22. Katika Toyota za petroli za umri wa hii yetu ya 1995, namba hiyo inaonyesha hitilafu katika njia ya sensa inayopima joto la maji ya injini. Kama kompyuta haina kosa lolote katika kumbukumbu yake, taa hukonyeza mfululizo bila kutulia.

Ndiyo, kikweche chetu kina kompyuta, nayo ndiyo inayoamua petroli kiasi gani iingie. Habari za sensa zikikatika, kompyuta hukadiria tu kwamba injini imeshapata moto. Basi asubuhi ya baridi haiongezi petroli inavyotakiwa, na gari linagoma. Dereva atafanya nini?

Hapa tusomane vizuri. Namba ile haikusema "nunueni sensa". Ilitaja njia nzima: sensa yenyewe, kiungio chake na waya zake. Fundi akafuata waya mpaka akakuta umetafunwa na panya. Panya wa nani? Wa ghala letu! Gari linalala ubavuni mwa ghala na punje zimetapakaa chini. Waya ukaungwa, ukazungushiwa tepu, na kabla ya adhuhuri kazi ilikwisha. Kesho yake gari liliwaka mara moja.

Wanaosema pikapu imechoka hawasemi uongo. Springi zinalia, bodi ina kutu. Hilo lijadiliwe kwa hesabu, lakini tusiuze gari kwa hasira ya waya mmoja. Na hilo tutakalonunua nalo litakuwa kuukuu, lenye taa yake. Mtakaotumwa kulikagua mjue hivi: ukifungua swichi taa hiyo lazima iwake, na injini ikishawaka izimike. Isipowaka kabisa, ulizeni kwanza. Huenda balbu imeungua, na huenda mtu ameitoa.

Kwa hiyo tunapendekeza mkutano upitishe haya:

1. Taa ya njano ikiwaka, isomwe kabla ya kununua spea yoyote. Namba na tarehe ziandikwe katika daftari la gari.

2. Kusoma kufanywe na anayejua. Matundu ni mengi, na ukikosea unaweza kuunguza fyuzi au kompyuta. Magari mapya zaidi, kama yale yaliyouzwa Marekani kuanzia modeli ya 1996, yana soketi ya matundu 16 ndani, upande wa dereva. Hayo husomwa kwa mashine, msichomeke waya.

3. Dereva azijue taa. Taa nyekundu ya oili ikiwaka safarini, asimame na kuzima injini palepale. Hali kadhalika joto likipita kiasi. Ya njano ikitulia na gari linakwenda vizuri, amalize safari polepole, kisha aripoti. Ikikonyeza huku injini inatetemeka, asilazimishe mwendo.

4. Fundi akimaliza, aeleze amekuta nini, na kilichoharibika atuonyeshe.

5. Gari lihamishwe kutoka ghalani, na punje zifagiliwe kila jioni. Paka peke yake hatoshi.

6. Dereva alipwe wiki zake mbili, na aambiwe mbele ya mkutano kwamba tulimkosea.

La sita litawauma wengine kwa sababu fedha ni za wote. Lakini plagi na pampu tulizolipa kwa kubahatisha zilikuwa za nani? Tukiweza kulipia makosa ya mafundi, hatuwezi kushindwa kulipia kosa letu.

Tukutane Jumamosi saa nne. Mwenye hoja aje nayo mkutanoni, asiiache kilabuni.