Barua ya Wazi kwa Baraza la Taifa la Usalama Barabarani, juu ya Watoto Wanaoachwa Garini

Mheshimiwa Mwenyekiti, na Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza,

Naomba idhini ya kuleta mbele yenu jambo ambalo, kwa uangalizi wangu, halijapata nafasi yake katika maonyo mnayoyatoa kila mwaka wakati wa Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani; nalo si mwendo wa kasi, wala ulevi, wala ubovu wa magari, mambo ambayo mmeyasemea kwa bidii na ambayo kila dereva mwenye insafu anawashukuruni kwayo, bali ni mazoea yaliyoingia katika miji yetu ya pwani, ya kumwacha mtoto mdogo peke yake ndani ya gari lililoegeshwa, huku mzazi au mlezi akishuka kwa nia ya kurudi mara moja.

Anayetaka kuyaona mazoea hayo hana haja ya kwenda mbali. Asimame Kariakoo siku ya Jumamosi, au nje ya duka la dawa wakati wa magharibi, au mbele ya mashine ya kutolea fedha mwisho wa mwezi, na baada ya kitambo atauona uso wa mtoto nyuma ya kioo kilichofungwa. Wala wazazi hao si makatili. Aghalabu ni mama aliyetoka kazini, mtoto amelala kiti cha nyuma baada ya safari ya foleni ndefu, mkono mmoja umeshika mkoba na wa pili umeshika cheti cha daktari, na akilini mwake kumwamsha mtoto yule, kumbeba juani, kumsimamisha katika mstari wa watu na kumrudisha akilia ni mateso makubwa kuliko kumwacha alale dakika tano. Mtu huyu anatenda kwa huruma. Ndiyo maana nataka Baraza limsemeshe kwa hoja, kwa kuwa lawama haitamfikia. Ataisikia akidhani imekusudiwa mzazi mwingine, mzembe, asiyempenda mwanawe.

Hoja ya kwanza ni joto, nami nitakaa juu yake kidogo, maana watu wengi huliamini kwa ulimi bila kulijua kadiri yake. Katika miezi ya kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, joto la mchana mjini Dar es Salaam hufika mara kwa mara nyuzi 31 au 32 za Selsiasi, na hewa hujaa unyevu wa bahari hata jasho likakataa kukauka mwilini. Kioo cha gari huipitisha nuru ya jua ikaingia ndani na kuvipasha moto viti na dashibodi, kisha joto linalorudi kutoka katika viti na dashibodi hulizuia lisitoke. Na hewa ya ndani, kwa kuwa haina pa kupitia, huzidi kupata moto pale pale ilipo. Mwaka 2005 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha katika jarida la Pediatrics matokeo ya vipimo walivyovifanya katika gari lililowekwa juani, siku ambazo joto la nje lilikuwa baina ya nyuzi 22 na 36, wakakuta kwamba katika muda wa saa moja joto la ndani lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22, siku ya ubaridi sawasawa na siku ya joto, na kwamba asilimia 80 ya kupanda huko ilikwisha kutokea katika nusu saa ya kwanza. Kwa hesabu hiyo, gari lililoachwa juani katika mji wetu siku ya nyuzi 32 hukaribia nyuzi 50 nusu saa ikitimia.

Wataalamu hao hao walizipima na hila mbili ambazo wazazi wetu huzitegemea. Kushusha vioo kidogo, upana wa vidole viwili hivi, hakukuleta nafuu yenye maana. Na kulipoza gari kwa kiyoyozi kabla ya kuzima injini kulichelewesha joto kwa dakika tano tu. Kivuli nacho, ambacho ni tegemeo la tatu, huhama. Mwarobaini uliolifunika gari saa tano za asubuhi huliacha wazi saa sita, na aliye ndani ya benki hana habari.

Tena yapasa tukumbuke ni nani aliyemo humo. Mwili wa mtoto mdogo hupata joto mara 3 hadi 5 upesi zaidi kuliko mwili wa mtu mzima, wala hana uwezo wa kutoa jasho la kutosha kujipoza, na joto la mwili lipitapo nyuzi 40 fahamu hupotea na viungo huanza kushindwa na kazi yake. Mtu mzima aliyezidiwa atafungua mlango atoke. Mtoto wa mwaka mmoja atalia, na akichoka atanyamaza, na apitaye karibu atadhani amelala. Na siku hizi magari mengi yamewekwa vioo vyeusi, hata huyo apitaye karibu hatamwona.

Hoja ya pili, ambayo kwangu mimi ina uzito zaidi hata kuliko ya kwanza, ni kwamba muda mfupi anaouahidi mzazi haumo katika mamlaka yake. Asemapo kwamba anaingia mara moja hasemi uongo, ila anaahidi kitu kilichomo mikononi mwa watu wengine: mtandao wa benki ukikatika, karani atamwambia asubiri kidogo; muuza dawa akikosa chenji, atamtuma kijana duka la tatu; na akikutana mlangoni na mzee wa mtaa wao, adabu zetu hazimruhusu kumkatiza salamu kabla hajauliza habari za nyumbani, za kazi, za wagonjwa na za safari, na mzee naye hajui kuwa yuko mtoto anayengoja. Kila moja ya sababu hizi ni ndogo na ya halali, wala hakuna hata moja inayompa mzazi hisia ya kwamba ametenda kosa. Lakini zikikutana mbili au tatu, dakika tano zimekuwa ishirini na tano. Na liko jambo zito zaidi, nalo ni kwamba mzazi mwenyewe aweza kupatwa na msiba. Akigongwa na bodaboda akivuka barabara, au akianguka kwa maradhi ndani ya jengo, watu watamkimbiza hospitali kwa wema wao wote, na katika mji mzima hapatakuwa na mtu mmoja ajuaye kwamba ndani ya gari fulani, katika mstari wa magari mia, amebaki mtoto.

Wako wanaojibu kwamba wao huacha injini ikiunguruma na kiyoyozi kikipuliza. Hao wamebadilisha hatari moja kwa hatari kadhaa. Mtoto wa miaka mitatu aliyezoea kumwangalia baba yake akiendesha aweza kujifungia milango ufunguo ungali ndani, aweza kubonyeza kitufe cha kioo kikambana shingo, na gari lisiloegeshwa kwa uangalifu aweza kulitia katika mwendo. Na mwizi aonaye gari linalounguruma bila dereva hana desturi ya kuchungulia kwanza kiti cha nyuma.

Insafu yanilazimu niseme na yale yaliyo upande wa pili. Aghalabu mtoto aliyeachwa garini hapatwi na lolote. Na ni kweli kwamba gari linalokwenda limeua watoto wengi kuliko gari lililosimama, hata mama anayemchukua mwanawe bila mkanda katika Barabara ya Morogoro humtia katika hatari kubwa kuliko akimwacha kivulini dakika mbili mbele ya macho yake. Katika Marekani, ambako mtaalamu wa hali ya hewa Jan Null amekuwa akiweka hesabu ya vifo hivi tangu mwaka 1998, watoto zaidi ya 900 wamekufa kwa joto ndani ya magari, wastani wa 37 hivi kwa mwaka, katika taifa la watu zaidi ya milioni 300. Kati yao zaidi ya nusu walisahauliwa, kiasi cha robo waliingia wenyewe katika gari wakicheza, na kiasi cha mmoja katika kila watano ndio walioachwa kwa kujua. Siyaandiki haya ili kuipunguza hatari. Nayaandika kwa sababu nchi ile, katika hofu yake, imewahi kuwatia mbaroni akina mama kwa kuwaacha watoto dakika chache katika siku ya ubaridi, nami sitaki tuige hilo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine walionyesha kwamba watu huikadiria hatari ya mtoto aliyeachwa peke yake kuwa kubwa zaidi wakiambiwa mzazi aliondoka kwa hiari yake, na ndogo zaidi wakiambiwa alizuiliwa na ajali, ilhali hali ya mtoto ni ile ile. Ghadhabu juu ya mzazi, na hasa juu ya mama, huingia katika kipimo cha hatari bila watu kujua. Polisi wetu wakipewa sheria ya adhabu peke yake, nachelea itawaangukia wanawake wasio na yaya wala dereva, na mwenye dereva hataguswa nayo kamwe.

Wala kuhesabu dakika hakutatufaa. Sheria ya jimbo la Florida humkataza mzazi kumwacha mtoto wa chini ya miaka sita garini zaidi ya dakika 15, ingawa humkataza hata kwa muda mfupi zaidi kama injini inaunguruma au afya ya mtoto imo hatarini. Chini ya jua la Dar es Salaam, dakika 15 ni nyingi mno, na mzazi akishapewa idadi ataihesabu kuwa haki yake. Sisi tayari tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomfaradhia mzazi kumlinda mtoto na kutelekezwa na kila hatari ya mwili wake. Msingi huo watosha kwa yule aliyemtelekeza mwanawe kwa dhahiri, na waliobaki wanahitaji mafunzo na msaada.

Ninayoyaomba kwenu, Waheshimiwa, yamo katika uwezo wenu. Stika zinazobandikwa katika vioo vya magari yaliyokaguliwa huonwa na kila dereva kila siku; zichukue sentensi moja inayomwambia dereva asishuke pasipo mtoto wake. Vyuo vya udereva vilifundishe jambo hili pamoja na alama za barabarani, kwa maana kijana anayejifunza leo ndiye mzazi wa kesho kutwa. Tena mtumie sauti yenu kuzisemesha benki, hospitali na ofisi za umma: mahali pengi wazee na wajawazito wamekwisha kutangulizwa katika mstari, jambo la heshima kubwa, basi na mzazi aliyebeba mtoto mchanga atangulizwe vivyo hivyo, na ubao uandikwe mlangoni ili auone kabla hajaamua kumwacha mtoto nje. Nina yakini kwamba ubao huo utawaokoa watoto wengi kuliko faini yoyote, kwa kuwa unamwondolea mama sababu yenyewe.

Yako na mabasi ya shule. Katika mji huu watoto wa chekechea hupandishwa alfajiri, jua halijachomoza, nao hulala njiani; dereva na matroni wakishusha kwa haraka, aliyelala chini ya kiti cha nyuma hubaki. Mwezi Septemba 2022 katika mji wa Al Wakrah, Qatar, mtoto wa miaka minne alikufa baada ya kusahauliwa ndani ya basi la shule, na Wizara ya Elimu ya huko ikaifunga shule ile. Kuifunga shule ni hukumu, nako kulikuja baada ya kifo. Kanuni ninayoiomba ni nyepesi: kila dereva wa basi la shule, baada ya mtoto wa mwisho kushuka, atembee hadi kiti cha nyuma kabisa, akichungulia chini ya viti, ndipo afunge mlango, na matroni aweke saini katika daftari kwamba amehesabu walioshuka wakalingana na waliopanda.

Mwisho kabisa ni habari ya mpita njia. Raia wetu wema wakimwona mtoto anazidiwa ndani ya gari lililofungwa husimama kwa fadhaa, kila mmoja akimtazama mwenziwe, kwa kuchelea kwamba atakayevunja kioo ataitwa mwizi, au atapigwa na umati, au atadaiwa fedha na mwenye gari. Jimbo la Tennessee lilitunga sheria mwaka 2014 ya kumkinga na madai mtu avunjaye kioo kwa nia njema ili kumwokoa mtoto, akisha kuwaarifu wahusika wa huduma za dharura. Naomba Baraza lipeleke shauri kama hilo kwa wenye mamlaka ya kutunga sheria, na kabla ya sheria kuja, Kikosi cha Usalama Barabarani kitangaze katika redio kwamba amwonaye mtoto katika hali hiyo apige 112 kwa polisi au 116 kwa huduma ya mtoto, aite mashahidi, atafute mwenye gari kwa sauti, na ikiwa mtoto hajibu, avunje kioo kilicho mbali naye, akijua kwamba askari atakayefika atamshukuru.

Mkiona inafaa kuyajadili haya katika kikao, mimi na wazazi wenzangu kadhaa tuko tayari kuja mbele yenu siku yoyote mtakayotuita, na tungependa iwe kabla ya kaskazi kuanza kuvuma.

Wasalaam,
Mzazi na dereva, Dar es Salaam