Jina Dogo, Maradhi Makubwa: Chanjo ya Homa ya Mafua Wiyoni

Wahenga walinena kuwa kinga ni bora kuliko tiba. Hata hivyo, kinga haitafutwi dhidi ya jambo lisiloogopwa, na maradhi huogopwa kwa kadiri ya jina yanaloitwa. Katika mtaa wa Wiyoni, kisiwani Lamu, kama ilivyo kwingineko Uswahilini, neno "mafua" hubeba mambo mawili yasiyolingana: makamasi yapitayo kwa siku chache, na homa ya virusi vya influenza, ambayo huweza kumlaza na hata kumuua mwenye kisukari, pumu au maradhi ya moyo. Mawili hayo yakishawekwa chini ya jina moja, tiba yake nayo huwa moja: tangawizi, ndimu na subira.

Homa hii si ngeni pwani. Ilipoingia Kenya kupitia bandari ya Mombasa mwezi Septemba 1918, iliangamiza maelfu ya watu. Wakati huo chanjo haikuwapo. Leo ipo, na mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani liliwataja wenye maradhi sugu miongoni mwa wanaostahili kuchanjwa, pamoja na waja wazito, wazee, watoto wadogo na wahudumu wa afya. Ni kweli kwamba chanjo hii haizuii kila ugonjwa. Lakini hupunguza makali yake, na kwa mwenye moyo dhaifu tofauti hiyo ndiyo uhai.

Wapo wanaodai kuwa watu wa visiwani huzikataa chanjo kwa sababu ya dini. Dai hili halina mashiko. Mahujaji huchanjwa dhidi ya homa ya uti wa mgongo kabla ya kwenda Makka, kwa kuwa Saudi Arabia imeifanya sharti. Nayo huhimiza pia chanjo ya influenza. Anayekubali sindano kwa ajili ya ibada haiogopi sindano. Anachokosa ni maelezo, na chanjo yenyewe.

Nchini Kenya chanjo hii haimo miongoni mwa chanjo za kawaida zitolewazo bure na serikali. Aidha, hurudiwa kila mwaka kwa sababu virusi hubadilika. Mgonjwa anayegawa kipato chake baina ya dawa za presha na chakula cha wanawe hawezi kulaumiwa kwa kutoinunua. Hivyo basi, itolewe bila malipo katika kliniki zile zile anakofuata dawa zake.

Wanataaluma wa Kiswahili nao hawana udhuru. Neno "chanjo" limezoeleka kuhusishwa na watoto wachanga, hata mtu mzima halioni kuwa lake. Wanaobuni istilahi za fonolojia na sintaksia washirikiane na wauguzi kuitenga homa hii na mafua ya kawaida, kwa jina ambalo mzee anayezungumza Kiamu atalielewa mara moja. Istilahi isiyofika Wiyoni ni pambo la kamusi tu.