Hija Haianzii Uwanja wa Ndege

Ukimuuliza Muislamu wa kwetu atahiji lini, aghalabu atakujibu: "Mungu akinijaalia." Kauli hiyo ni njema na hakuna mwenye imani awezaye kuipinga. Ila kwa wengi wetu imekuwa ndiyo mwisho wa mpango, hali ilipaswa kuwa mwanzo wake. Nia ipo, lakini fedha haiwekwi, pasi haitafutwi, afya haipimwi. Kisha ukiingia Mfungo Pili mtu huhangaika kuuza shamba au kuwazungukia watoto wake wamchangie.

Zamani hangaiko hilo liliweza kufua dafu. Leo Saudi Arabia imeiingiza mikataba ya mahema ya Mina, malazi na usafiri katika mfumo wa kielektroniki, na mlango wa malipo hufungwa miezi kadhaa kabla ya siku ya Arafa. Mwaka 2025 makumi ya maelfu ya watu wa India na Pakistan, waliokuwa chini ya mawakala binafsi, walibaki makwao kwa sababu malipo na mikataba ilichelewa. Ikiwa mataifa yenye uzoefu kiasi hicho yalikwama, sisi tunaosubiri hadi Idi ipite tutajitetea kwa hoja gani?

Njia ya mkato nayo ina gharama yake. Katika Hija ya mwaka 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 50, na watu zaidi ya 1,300 walifariki. Kwa maelezo ya serikali ya Saudia, asilimia 83 kati yao hawakuwa na vibali. Walitembea masafa marefu juani, bila kivuli wala mahali pa kupumzika.

Najua nitajibiwa kwamba Hija ni kwa mwenye uwezo. Ni kweli, na fiqhi haimtwishi fukara mzigo wa kuusaka uwezo huo. Mazungumzo yangu si na fukara. Ni na mtumishi, mfanyabiashara na mkulima wa karafuu ambaye harusi ya bintiye huipangia kamati mwaka mzima, lakini nguzo ya tano ya dini yake huiachia bahati. Gharama ya safari imekwishapita shilingi milioni 10. Anayeweka shilingi 120,000 kila mwezi atakuwa na milioni 14.4 baada ya miaka kumi. Anayeanza akiwa na miaka 30 atasimama Arafa akiwa na magoti yanayomtii. Sisi tumeifanya Hija kuwa ibada ya wazee, kana kwamba tawafu na kutupa mawe havihitaji miguu.

Wamalaysia walilitazama jambo hili mapema. Wakulima wao walikuwa wakificha fedha majumbani na kuuza ardhi na mifugo ili wahiji, kisha hurudi mafukara. Mwaka 1959 mchumi Ungku Aziz alipendekeza mfuko wa akiba usio na riba, na mwaka 1963 ukaanza kazi. Leo unaitwa Tabung Haji: hupokea akiba ndogo ndogo, huziwekeza kwa njia za halali na husimamia safari yenyewe. Haukukosa misukosuko ya kifedha, na hilo pia ni somo kwa atakayeuiga.

Kwetu, benki zinazofuata sharia zipo, BAKWATA ipo, na Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kinachokosekana ni sheria inayoilazimisha fedha ya hujaji mtarajiwa ikae katika akaunti ya amana, isiguswe na wakala hadi mkataba wa Mina utiwe saini. Hadi sheria hiyo ipatikane, anayelipa adai risiti na mkataba wa maandishi, hata kama wakala ni sheikh wake. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo achanjwe angalau siku 10 kabla ya kufika, na mwenye kisukari au shinikizo la damu amwone daktari tangu Rajabu, wakati dawa bado zinaweza kurekebishwa.