Mgeni Kasoma Risiti ya Luku

KIBARAZANI
Na Bakari Semkiwa

Raskazone, hapa Tanga, imezoea wageni. Wapo waliofuata miradi, wapo wastaafu waliofuata bahari, na Novemba 1914 walishuka hapa maelfu ya askari wa Mwingereza, wakatimuliwa na jeshi la Mjerumani von Lettow-Vorbeck huku nyuki nao wakitia mkono. Siku hizi nyuki wametulia. Kinachomtoa mgeni jasho ni mita ya umeme.

Jirani yangu mmoja, mpangaji aliyetoka kijijini huko Ulaya, alinunua umeme wa Luku wa shilingi 20,000 mwanzoni mwa mwezi, kisha akaja barazani kwetu na ujumbe wa simu mkononi. Alitaka kuelezwa kila mstari. Tukacheka, maana nani kati yetu husoma mistari ile? Sisi twatafuta tarakimu 20, tunabonyeza, taa zikiwaka basi. Bwana yule akatulazimisha kusoma. Kwanza imetoka 1,500 ya kodi ya jengo. Zilizobaki ndani yake mna VAT ya asilimia 18, REA ya umeme wa vijijini asilimia 3 na EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, asilimia 1. Kwa mtumiaji wa kawaida, uniti zinazobaki ni kama 52 hivi. VAT aliikubali, ya umeme wa vijijini aliisifu. Akasimama kwenye ile ya kwanza: "Jengo la nani?"

Baraza likanyamaza, na haki lilinyamaza. Kodi ya jengo kisheria ni ya mwenye jengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye Luku, ikianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Julai 2023 ikapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Kwa mkusanyaji ni njia nyepesi, wala sigombani nayo. Lakini mita haimjui mwenye hati. Inamjua anayenunua umeme, na huyo mara nyingi ni mpangaji. Wa kumrudishia ni mwenye nyumba, na mwenye nyumba yuko kimya. Nasema haya nikijua wenye nyumba wengi ni rafiki zangu na Ijumaa tutakutana msikitini.

Kwa mgeni jambo lenyewe lina kichekesho zaidi. Sheria ya Ardhi ya 1999 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kwa hiyo bwana huyu analipia kodi jengo ambalo, hata angekuwa na fedha za kulinunua ili aishi tu na mkewe, asingeruhusiwa.

Si mara ya kwanza bwana huyu kutuzidi kwa kusoma. Mwaka 2024 shirika la umeme, TANESCO, walitangaza kwamba mita zote za Luku zihuishwe kabla ya 24 Novemba. Mita za aina hii, duniani kote, zilikuwa zikihesabu muda tangu 1993 na hesabu yake ilikuwa inafika ukingoni. Ukinunua umeme unaletewa mafungu matatu ya tarakimu: mawili ya kuhuisha, la tatu la uniti. Yeye aliingiza kwa mpangilio, akamaliza. Mtaani kwetu kuna walioanza na la tatu, mita ikakataa, wakamwita fundi na kumlipa.

Huko kwenye maandishi, basi, nampa heshima yake. Nje ya maandishi anahangaika, na hapo simtetei. Jumamosi ya mwisho wa mwezi alikwenda dukani asubuhi akakuta pamefungwa, watu wako kwenye usafi mpaka saa nne. Siku ya msiba alikuta turubai na viti vimeziba njia ya gari lake, akauliza kibali kiko wapi. Kibali cha msiba! Alipohamia hakupita kwa mwenyekiti wa mtaa kujitambulisha, kwa kuwa mkataba wake haukusema. Kila tukimwelekeza, swali ni lile lile: imeandikwa wapi? Haikuandikwa, baba. Huwa unaambiwa na jirani, na jirani humwambia anayemsalimu. Ameanza kusalimu, na juzi kwenye hitima alikaa mkekani mpaka mwisho.

Lakini 1,500 si ya kumalizwa kwa salamu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapa anayehitaji kupona ni mpangaji Mtanzania, ambaye amekatwa miaka yote hii na hajauliza. Wenye nyumba wa Raskazone, Chumbageni na kwingineko, mkiandika mkataba mwingine ongezeni mstari mmoja: shilingi 18,000 za kodi ya jengo zitapunguzwa kila mwaka kwenye kodi ya pango. Nawe mpangaji, mwezi ukianza usiufute ujumbe wa Luku. Utunze, umpelekee mwenye nyumba siku ya kulipa.